Ni saa moja tu hadi Mombasa?

Msomaji, mtu akikuuliza Mombasa iko umbali gani kutoka Nairobi, utamjibu vipi? Msafiri wa basi atasema ni kilomita zipatazo 480, saa nane au zaidi barabarani. Aliyezoea gari moshi la SGR, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, atasema saa tano au sita. Naye wa ndege atacheka na kusema, "Ah, ni saa moja tu!"

Wote wanasema kweli. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kilomita 420 hivi ukipima kwa mstari ulionyooka. Ndege ya jeti hukaa angani takriban dakika 45. Zinazobaki hadi saa moja ni za kujikokota ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Na ni safari tamu! Unaondoka uwanja ulio mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ukiketi upande wa kulia, na mawingu yakikuonea huruma, utauona Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Chini yako, Ukambani hugeuka kuwa nyika ya Tsavo yenye udongo mwekundu. Hujamaliza soda yako, mnaanza kuteremka. Mlango ukifunguliwa, joto la Pwani hukulaki, na sweta ya Nairobi huwa mzigo.

Hata hivyo, usidanganywe na saa hiyo moja. Mimi ilinidanganya.

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu alfajiri kuwa mjomba wangu wa Likoni amefariki, na maziko ni baada ya swala ya adhuhuri. Nikapata tiketi ya ndege ya saa nne asubuhi. Nikajiambia, saa tano niko Mombasa, sina wasiwasi.

Nilisahau kwamba uwanja wa Mombasa hauko kisiwani bali bara, magharibi mwa kisiwa. Ilinibidi nipite Changamwe katika foleni ya malori ya bandarini, nivuke Makupa, nikate kisiwa chote, kisha nisimame kivukoni kungoja feri. Ndege ilitua kwa wakati. Mimi nilifika watu wakitoka makaburini. Mkaza mjomba alinishika mkono akasema, "Tulikungoja kidogo, mwanangu. Lakini maiti hangojwi sana."

Siku hizi kuna nafuu. Jijini Nairobi kuna barabara ya juu ya kulipia yenye kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka wa 2022. Mombasa nako, barabara ya Dongo Kundu humfikisha msafiri Pwani ya Kusini bila feri.

Lakini bado piga hesabu yote. Weka saa moja ya kufika Embakasi, saa moja na nusu ya ukaguzi na kungoja, saa moja ya ndege, na saa moja au mbili za kutoka uwanjani hadi uendako. Hizo ni karibu saa tano, sawa na gari moshi!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapopigiwa simu kama ile, usiwatajie jamaa saa ambayo ndege itatua. Wataje saa utakayobisha hodi. Huenda wakakungoja.