Msimu wa Kwale, 1972

Mwaka 1972, mjukuu wangu, kwale wawili waliofungwa miguu kwa ugwe wa gome la mti waliuzwa shilingi mbili na nusu katika soko la Tabora, na risasi moja ya marisau kwenye duka la Mhindi mmoja mitaa ya stesheni haikuwa mbali na bei hiyo. Kwa hesabu za dukani, basi, mtu mwenye akili zake hakuwa na sababu ya kumfuata kwale porini na bunduki. Wavulana waliokuja na baiskeli kutoka vijijini waliwanasa kwa tanzi za singa za mkia wa ng'ombe, wakawaleta wazima ndani ya matenga, na mama zetu wakawapapasa vifua kwanza kabla ya kufungua fundo la hela. Hesabu hiyo mjomba wangu aliijua kuliko mimi. Alikuwa dereva wa gari moshi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mtu mrefu, macho mekundu kwa moshi, mikono inayonuka mafuta mazito hata akitoka kuoga. Miaka yote aliyoendesha treni ya Mwanza alikuwa akiwaona kanga alfajiri wakitimka makundi kwa makundi kando ya reli, akawapita, maana treni haisimami kwa ajili ya kitoweo. Aliponunua bunduki ya mitutu miwili kutoka kwa mkulima wa tumbaku wa Kigiriki aliyekuwa anafungasha virago, nyumbani kila mtu alijua Jumapili inayofuata tutakula kanga. Tulikaa miezi.

Miezi hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia, kwa sababu siku yenyewe ya kuwinda ilikuwa fupi. Kwanza bunduki ilibidi iandikwe jina lake, na huo haukuwa mwaka mwepesi kwa raia kuonekana na bunduki. Aprili Mzee Karume alikuwa ameuawa Unguja, na polisi walimtazama mara mbili kila aliyeleta habari za silaha. Kisha ikaja leseni ya kuwinda. Sheria iliyotumika bado ilikuwa ile ya wakoloni ya 1951, lakini ofisi zenyewe zilikuwa katikati ya kuhamahama, maana ndio mwaka serikali ilipoanzisha Madaraka Mikoani. Ukienda leo unaambiwa karani yuko jengo lile, kesho unakuta meza yake imewekwa barazani, mafaili yamefungwa kwa kamba za katani, naye hajui funguo za kabati ziko wapi. Mjomba hakugomba. Aliweka kofia yake ya reli magotini, akasubiri kwenye benchi na wauza asali na wajane wa mirathi, akaondoka jioni, akarudi akipata tena nafasi ya kutoka kazini. Tulipofika hatimaye mbele ya bwana nyama, tukakuta mzee mpole mwenye kikohozi, ambaye hakuuliza kwanza tunataka ndege wangapi. Aliuliza tunakwenda wapi. Mjomba akasema upande wa Isikizya, pori la wazi, halina mwenyewe. Bwana nyama akavua miwani. Akatuonyesha kwenye ramani iliyochakaa mikunjo wapi ni msitu wa hifadhi, ambako leseni yetu ingekuwa karatasi ya kufungia karanga, na wapi ni pori ambalo leseni inafaa. Kisha akasema hata hilo la pili lina watu wake, tukawaone kabla hatujalikanyaga. Chenji tuliyorudishiwa ilikuwa senti hamsini zenye sungura na senti ishirini zenye mbuni, na mjomba alicheka njia nzima kwamba serikali imechukua noti za Mwalimu na kuturudishia wanyama.

Kwa hiyo mara ya kwanza tulikwenda Isikizya bila bunduki. Ilikuwa kaskazini ya mji, asubuhi nzima kwa baiskeli kwenye mchanga ule wa Unyamwezi unaomeza magurudumu, mahali ukishuka kusukuma na ndorobo wanakuuma kupitia shati. Wakati huo hapakuwa na ofisi wala lami. Palikuwa na miembe mikubwa, mashamba ya mtama na karanga yaliyokwisha kuvunwa, mabani ya kukaushia tumbaku yaliyobaki na harufu yake hata yakiwa matupu, na nyumba za tope zenye mizinga ya magome imeegeshwa ukutani ikisubiri kupandishwa mitini. Tulianza kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi mwenyewe akatupeleka kwa mzee aliyekuwa mwanangwa kabla utemi haujafutwa. Cheo kilikuwa kimeondoka 1963, lakini niliona balozi mwenye kadi ya TANU mfukoni akivua ndala kabla ya kuingia uani kwake. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, jicho moja lina mtoto wa jicho, ndevu chache, anasokota kamba. Mjomba akainama, "Mwangaluka, baba," akaitikiwa, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za reli, za ndugu waliokwenda Mwanza wasirudi. Tulikuwa tumempelekea sukari, chumvi na tumbaku ya kunusa. Neno la kwale halikutajwa mpaka tulipoletewa matoborwa na maji ya kunawa.

"Bunduki yenu inatupa mbali kiasi gani?" akauliza mzee. Mjomba akamweleza kwamba ni marisau, si risasi ya nyati, inatawanyika na haiendi mbali. Mzee akasema watoto wake wanachunga kwenye mbuga ile, na mtoto akiwa amechuchumaa nyuma ya kichaka hana tofauti na kichaka. Akataja miti yenye mizinga, mmoja mmoja, na jina la mwenye mzinga. Akataja kisima ambacho wanawake wanakwenda kabla jua halijapanda, na akasema mpaka wawe wamerudi hakuna kulia bunduki upande huo. Akatupa mjukuu wake, kijana wa rika langu mwenye mbwa mwekundu mkondefu, atutangulie siku tukija. Na akachagua wakati: si Julai, nyasi bado ndefu na kwale anakimbia chini yake hamumwoni, msubiri moto upite, mashina mapya yachipue, kanga washuke kwenye mashamba kuokota karanga zilizosahaulika. Sijapata tangu hapo kusoma mwongozo wa uwindaji unaomzidi mzee yule, na nimesoma kadhaa.

Nyumbani mjomba alitufundisha bunduki juu ya mkeka. Nasema alitufundisha, lakini aliyekuwa na haki ya kuipiga ni yeye peke yake, kwani jina kwenye kitabu lilikuwa lake; mimi nilikuwa wa mkoba na maji. Hata hivyo alinifanya nivunje mtutu, nichungulie, nifunge, nivunje tena, mpaka vidole vikanuka mafuta ya cherehani. Amri yake kubwa ilikuwa moja: mbele ya gogo, ua wa miiba au mtaro, unasimama, unatoa risasi zote, unavuka, ndipo unajaza tena. Nilimwona kama mzee mwoga. Baadaye sana nikaja kusoma habari za Speke, yule Mwingereza aliyemwacha mwenzake wa safari, Burton, mgonjwa hapa kwetu Kazeh Julai 1858, akashika njia ya kaskazini akipita nchi hizihizi mpaka akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Alikuwa mwindaji tangu ujana wake. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya yeye na Burton kusimama hadharani mjini Bath kubishana juu ya chanzo cha Nile, alikwenda kuwinda kwale wa kwao huko Wiltshire, akapanda kaukuta kafupi ka mawe na bunduki mkononi, ikafyatuka, ikamwingia kifuani. Mtu aliyevuka Ugogo na Unyamwezi mzima mzima! Mjomba hakuwahi kusikia jina la Speke, na sheria yake ya gogo ilikuwa ileile ambayo ingemwokoa.

Tulikwenda Septemba. Tulilala kwa mzee, tukaamka giza likiwa bado, na pori lilinuka majivu na umande, na mahali pengine asali. Kwale walianza kuitana kabla hatujamaliza uji, sauti ile ya kukwaruza kama mtu anayenoa panga butu, mmoja huku, mwingine kule, na yule kijana akawa anaonyesha kwa kidevu tu. Wanawake waliporudi na ndoo, tukaingia. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kelele za kwale anaporuka: unamtafuta mbele, yeye yuko chini ya mguu wako, na akipasuka kutoka kwenye kisiki moyo unapanda kooni. Wa kwanza mjomba aliwaacha wote waende, maana walirukia upande wa mbuga ya wachungaji. Kanga tuliwakuta shambani, wakakimbia kwanza, kisha mbwa akawainua. Jioni, walipopanda mti kulala, wakionekana weusi waziwazi juu ya matawi, mjomba alikuwa na risasi mfukoni na hakuinua bunduki. Alisema ndege aliyelala akauawe na mwenye njaa, sisi tuna mshahara. Tulichopata kilitosha mkoba mmoja, na kanga mkubwa kuliko wote alibaki kwa mzee. Nyama ya kanga ni ngumu, isikudanganye sifa. Shangazi aliichemsha tangu asubuhi, akaiunga karanga, na bado tulikula kwa uangalifu, tukitema marisau kwenye sahani moja baada ya nyingine. Kwale ndiye mtamu.

Msimu wa pili haukuwapo. Tarehe 7 Septemba 1973 serikali ilifunga uwindaji nchi nzima, na tulipokuwa tunajiandaa bwana nyama ndiye aliyetuambia tuirudishe bunduki kabatini. Uwindaji ulipofunguliwa tena 1978, sheria ilikuwa mpya, ya 1974. Vijiji vilikuwa vimehamishwa, na baadhi ya mashamba tuliyowakuta kanga yamekuwa vichaka. Reli ya Afrika Mashariki imevunjika pamoja na Jumuiya. Na mjomba amestaafu, anakaa kwa mwanawe Kaliua, haoni vizuri. Bunduki aliisalimisha polisi kwa hiari yake, akadai risiti.

Isikizya ya leo ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ina ofisi, ina mabati, na vijana wake wanauliza njia kwenye simu. Sheria ya wanyamapori unayoikuta ni ya 2009, ya silaha ni ya 2015, na ardhi ya kijiji iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa sheria ya 1999. Umeniambia umepata mahali pa wazi pa kuwindia na mnapanga safari na wenzako. Anzeni ofisi ya wanyamapori, muulize kama msimu umefunguliwa na eneo hilo limo. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji na kilo mbili za sukari, mkae mpaka awaulize wenyewe mmefuata nini. Bunduki siku hiyo iacheni nyumbani.