Hita ya Bafuni Yamgomea Mrembo wa Kondoa, Fundi Akataa Kuiwasha

Kuna mrembo mmoja pale Kondoa mjini, jina kapuni, baridi hii ya Juni kazi yake ni kupost bafu lake la maji ya moto. Asichosema ni kwamba akishika bomba linampiga shoti kidogo kidogo, kwa hiyo anaoga na kandambili.

Shemeji yake akaleta fundi, mzee flani mpole. Akazima meni swichi, sio ya bafuni tu, akahakikisha na testa. Kufungua hita, koili imeganda ukoko mweupe kama wa kwenye birika. Akailoweka kwenye siki. Hiyo ni kawaida, maji ya chumvi ndivyo yalivyo. Kisha akatafuta waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Umekatwa, ukafichwa nyuma ya hita!

Dada akang'aka, "Baba, we washa tu, jioni nina laivu."

Mzee akagoma kabisa. Akavuta waya mpya mpaka kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, giza likaingia. Laivu ikafa. Siku hiyo mrembo akaoga maji ya ndoo.

Haya wadau, nani mwingine anaoga na kandambili?