Magongo ya barafu Mombasa: ndoto au porojo?

Ukitaka kuiona barafu katika Mji wa Kale wa Mombasa, damka mapema uende soko la samaki karibu na bandari ya zamani. Utaikuta imepondwapondwa, imefunikwa juu ya changu na tafi. Jua likipanda tu, imekuwa maji. Barafu nyingine ni ile ya ukwaju wanayouza akina mama milangoni mwao, nayo haidumu mkononi mwa mtoto.

Ndiyo sababu nilicheka mpwa wangu aliponiambia, tukinywa kahawa chungu karibu na Fort Jesus, kwamba akimaliza shule atatafuta chuo kikuu chenye timu ya magongo ya barafu.

"Usicheke, mjomba," akasema. "Wenzetu wa Nairobi wanacheza."

Kweli wanacheza. Hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka wa 2005, na ajabu ni kwamba uwanja huo uko Barabara ya Mombasa! Ila ni upande wa pili wa barabara hiyo, kiasi cha kilomita 480 kutoka tulipoketi. Huko ndiko walikokulia Kenya Ice Lions. Mwaka wa 2018 vijana hao walialikwa Kanada, wakacheza timu moja na mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka wa 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

"Basi mbona vyuo vyetu visianzishe timu za daraja la juu, kama za Marekani?" akauliza.

Sikumjibu. Nilimwambia tutembee.

Tulishika Ndia Kuu, tukapita Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka wa 1570. Tulipofika kwenye vichochoro vya nyuma, mashati yalikuwa yamegandamana na migongo. Barazani waliketi vijana wa rika lake, saa nne ya asubuhi, hawana pa kwenda. Mmoja alikuwa akisinzia kwa namna ambayo kila mzazi wa Mji wa Kale anaijua na kuiogopa. Mpwa wangu alimwamkia kwa jina. Walisoma darasa moja.

Hapo nikaacha kucheka. Kijana akitaka mchezo, anataka pa kwenda.

Tukapanda tuktuk hadi Mombasa Sports Club, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1896. Hapa mpira wa magongo si mgeni. Nilimkumbusha kwamba Kenya ilikuwa ya sita katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964, na ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 kule Barcelona. Mara ya mwisho timu yetu ya wanaume kufika Olimpiki ni Seoul, mwaka wa 1988. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kutoka hapo tukaenda Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Majengo yake ya zamani yana matao ya kupendeza, maana kilianza kama MIOME, chuo cha kuwafunza Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Mwaka wa 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka wa 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Kivulini mwa mti tukapiga hesabu.

Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Ule wa Panari ni mdogo kuliko huo. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa sana, ili barafu ikae kiasi cha nyuzi 5 chini ya sifuri, usiku na mchana. Nje hapa ni nyuzi 30, na hewa imejaa unyevu ambao lazima ukaushwe, la sivyo uwanja hufunikwa na ukungu. Umeme huo atalipa nani? Bila shaka karo ya mwanafunzi! Vyuo vya Marekani vyenye timu za daraja la kwanza, zaidi ya 60, hupata wachezaji walioteleza barafuni tangu utotoni. Sisi tungewapata wapi?

Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Lakini mjomba, baadhi ya wale wa Nairobi walianza na viatu vya magurudumu."

Hapo alinishinda. Jioni tulipokwenda kupunga upepo Mama Ngina, niliwaona kwa macho yangu vijana wakiteleza kwa magurudumu juu ya sakafu ngumu, wepesi kama mbayuwayu. Wape magongo na mpira, uwape mwalimu na sakafu ya saruji chuoni, umepata timu. Wale wa nyasi nao wapewe uwanja mzuri. Gharama yake haifikii hata umeme wa barafu.

Kwa hivyo, wakuu wa vyuo vya pwani, barafu tuwaachie wauza samaki kwa sasa. Lakini msimcheke kijana anayeitaka, kama nilivyocheka mimi. Mwanzo wa ngoma ni lele, na kule barazani wapo wanaongoja ipigwe.