Samaki wa Mlangoni

Ndugu walimu, wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu. Nami nataka kuwasimulia jinsi mazoea yalivyonipofusha.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekwenda kwa miguu kila asubuhi kutoka Hurumzi hata Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Milango ya nakshi ya njia ile nilidhani naijua yote. Desturi yangu ilikuwa kutazama kizingiti cha juu, palipochongwa maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijra, kisha kupita.

Katika darasa langu alikuwamo mtoto mmoja aliyenakili ubaoni makosa matupu. Nilimwita mzembe mbele ya wenzake, wala sikuona haya.

Siku moja ya masika, baada ya masomo, maji yalijaa vichochoroni. Nikapanda juu ya baraza ya nyumba moja, kwa maana baraza zile za mawe, ambazo watu huketi wakizungumza, ndizo njia yetu wakati wa mvua kubwa. Nikamkuta mtoto yule amechutama penye mlango, akipapasa mwimo kwa kidole.

"Mwalimu, huyu ni wa tisa," akasema.

"Nani?"

"Samaki."

Nikainama hata macho yangu yakawa sawa na yake. Kweli, chini ya mwimo alichongwa samaki, magamba yake safu safu, na chini yake mawimbi. Na kandokando mnyororo ulipanda hata juu. Miaka yote hiyo nilimpita nisimwone!

Nikafurahi, nikamwambia, "Haya mwanangu, nisomee na mwaka ule wa juu." Akainua uso, akakunja macho, akanyamaza. Kisha akajibu polepole, "Huko juu mimi huona ukungu tu, Mwalimu."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Kumbe hakuwa mzembe. Ubao wangu nao kwake ulikuwa ukungu.

Kesho yake nilimketisha mbele kabisa, nikamtaka radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimwita mzembe. Wazazi wake wakampeleka kupimwa macho, akapewa miwani.

Yule kipofu wa Bethsaida aliwekewa mikono mara mbili ndipo akaona sawasawa. Mimi, niliyejiona mwenye macho mazima, nilifunguliwa na mwanafunzi wangu. Basi, ndugu zangu, kabla ya kumhukumu mtoto, tuiname kwanza, tutazame kutoka pale alipo yeye.