Chuo Kikuu Katika Nchi ya Mahindi

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret, akiisha kupita Burnt Forest, hufika Cheptiret, na hapo huiona njia iendayo Kesses. Kando zote mbili za njia hiyo ni mashamba ya mahindi na ngano, na ng'ombe wa maziwa wakila majani. Ni nchi ya juu yenye baridi kali asubuhi, na mgeni asiyeambiwa hawezi kudhani ya kuwa mbele yake ziko nyumba za ghorofa, maktaba kubwa na maelfu ya vijana. Hapo ndipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, yapata kilomita 35 kutoka Eldoret, mji ambao wazee bado huuita "Sikisti Foo" kwa sababu ulianzia katika shamba lililoandikwa nambari 64 zamani za walowezi.

Kwa nini chuo kikuu kikajengwa shambani? Mpaka miaka ya themanini Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi, nacho hakikutosha. Vijana wengi walivuka bahari kwenda India na kwingineko, na wazazi wao wakauza walichokuwa nacho. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Bwana Colin Mackay kutoka Kanada ilitoa shauri kwamba chuo cha pili kianzishwe, kishughulikie zaidi ufundi na sayansi, tena kisikae mbali na maisha ya watu wa mashamba. Bunge likapitisha sheria yake mwaka 1984. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 83 tu, nao walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Nairobi. Profesa Douglas Odhiambo akawa Makamu wa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na Rais Daniel arap Moi, ambaye chuo kilipewa jina lake, akawa Mkuu wa Chuo.

Katika kazi zote za chuo hicho, hapana iliyowagusa wakulima kuliko ile ya udaktari. Masomo hayo yalianza mwaka 1990, wanafunzi wakiwa 40. Hawakuketi darasani tu wakimsikiliza mwalimu. Walipewa habari za ugonjwa wakatafute wenyewe sababu zake, kisha wakapelekwa kukaa katika vituo vya afya vya mashambani, wajionee maji wanayokunywa watu na nyumba wanazolala. Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kilishirikiana nao. Ukimwi ulipoenea, na vitanda vya hospitali ya Eldoret vikajaa watu waliokuwa wakingojea kufa, madaktari wa pande hizo mbili walianzisha mwaka 2001 mpango uitwao AMPATH. Wakatoa dawa mjini na pia Mosoriot, mahali ambapo wakati huo wengi walidhani dawa za namna hiyo haziwezi kutumika. Wagonjwa wasio na nguvu walipewa na chakula pia, kwani dawa peke yake haimwinui mwenye njaa.

Mwaka 2007 chuo kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichokuwa kimefungwa, nacho kilizinduliwa upya mwaka 2019 baada ya kutiwa mashine mpya kwa mkopo wa India. Chuo kimezaa watoto vilevile: tawi lake la Chepkoilel lilipata kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013.

Lakini mzazi huyu alizaa watoto na kuongeza majengo kuliko mfuko wake ulivyoweza kubeba. Vyuo vipya viliwavuta wanafunzi, fedha za Serikali zikapungua, na madeni yakarundikana. Septemba 2024 wafanyakazi waligoma wakidai haki zao, na mwezi uliofuata chuo kikafungwa, wanafunzi wakaambiwa warudi kwao. Mwezi mmodi tu kabla ya mgomo huo, tarehe 15 Agosti, Eldoret ilikuwa imepewa cheo cha jiji kwa shangwe kubwa. Kule Kesses hasara haikuwa ya wasomi peke yao. Mwenye vyumba vya kupangisha alibaki na funguo mkononi, muuza maziwa akarudi na debe lake limejaa, na mzazi aliyekwisha kuuza magunia ya mahindi kwa ajili ya karo akamwona mtoto wake akishuka kwenye matatu na sanduku lake, katikati ya muhula.