Kuku Mgeni

Chakula ni kitu ambacho watu hudhani wanakijua kwa sababu wamekila tangu utoto. Walakini sahani moja yaweza kuwa na nasaba ndefu kuliko nasaba ya mtu anayeila. Nasaba hiyo haionekani kwa macho wala haionjwi kwa ulimi, yataka kuulizwa. Katika Ujapani kuna chakula kiitwacho katsu kare. Mnofu huvikwa chenga za mkate, hukaangwa hata ukauke nje na kubaki laini ndani, hukatwa vipande vyembamba, huwekwa kando ya wali, kisha humwagiwa mchuzi mzito wa bizari. Mnofu waweza kuwa wa nguruwe au wa kuku. Chakula hiki kikipikwa nyumbani Magamba, kata ya Mpanda mkoani Katavi, jirani atokezaye mlangoni hana budi kuuliza kuku huyu ametoka wapi. Wahenga walikwisha sema ya kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yafaa basi kuifuata kamba hiyo mpaka mwisho wake.

Wajapani wenyewe hawakuzaliwa na chakula hiki. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri ya kukataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika majira ya kilimo. Amri nyingine zilifuata, dini ya Budha ikazitia nguvu, na kwa karne nyingi kula nyama kukawa jambo la kufichwa kwa watu wengi wa nchi ile. Marufuku ya namna hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Katika Buganda ya zamani wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, hali wao ndio waliowatunza kuku wale. Katika Ujapani mlango ulifunguliwa mwaka 1872, ilipotangazwa hadharani ya kuwa Mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe. Tangu hapo vyakula vya Ulaya viliingia kwa wingi, navyo vikabadilishwa ili vilingane na wali. Mkahawa wa Rengatei, mjini Tokyo, husifiwa ya kuwa ndio ulioanza mwaka 1899 kukaanga mnofu wa nguruwe ndani ya mafuta mengi badala ya kuukausha kwa mafuta machache kama Wafaransa.

Mchuzi nao ulikuja kwa njia ya kuzunguka. Uhindi ndiko ulikotoka, lakini Wajapani hawakuupokea kutoka Uhindi. Waingereza waliotawala kule walizitia bizari nyingi katika chupa moja, wakauita unga huo kwa jina moja, wakauza dunia nzima. Wajapani waliununua kama chakula cha Kizungu. Mwaka 1923 Yamazaki Minejiro alifaulu kutengeneza unga wa namna hiyo ndani ya Ujapani. Kuviunganisha vitu viwili hivi, mnofu wa kukaanga na mchuzi, kwasimuliwa kwa namna nyingi. Masimulizi yapendwayo zaidi husema ya kuwa mwaka 1948 mchezaji wa besiboli aitwaye Chiba Shigeru, akiwa na haraka na njaa, aliagiza vyote viwekwe katika sahani moja.

Mtu wa Magamba akiisikia habari hii aweza kudhani ni habari ya watu wa mbali. Sivyo. Neno katsu limekatwa kutoka neno katsuretsu, nalo ni matamshi ya Kijapani ya neno la Kiingereza ambalo Waswahili wa pwani walilitamka katlesi. Basi katsu na katlesi ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili. Wareno nao walipita kote kuwili. Vasco da Gama alifika pwani ya Waswahili mwaka 1498, na Wareno wengine walifika Ujapani mwaka 1543. Waswahili walichukua kwao neno meza. Wajapani wakachukua neno pan, yaani mkate. Mmoja alipata mahali pa kuwekea chakula na mwingine akapata chakula cha kuwekwa. Na bizari, ambayo jina lake lina asili ya Kiarabu, ilizoeleka katika vyungu vya Unguja na Mombasa muda mrefu kabla mabaharia wa Kijapani hawajaionja. Kutoka pwani ilipanda bara pamoja na biashara, kisha pamoja na reli. Njia ya reli kutoka Kaliua hata Mpanda ilijengwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi. Machimbo yale yalikwisha, reli ikabaki, na magunia ya wafanyabiashara yakaendelea kupanda na kushuka. Kwa hiyo nusu ya sahani ya mgeni imekwisha kuwa mwenyeji.

Sasa yapasa kutazama jikoni. Jambo la kwanza ni kuku. Kuku mkubwa wa kienyeji aliyezunguka ua kwa miaka miwili hafai kwa kazi hii. Misuli yake imekaza, naye astahili chungu na moto wa saa nyingi. Atakiwaye ni pora, yaani jogoo asiyefikia kuwika, au tembe asiyetaga bado. Vidari viwili hupasuliwa kwa ubavu vikawa vipande vinne. Mapaja mawili hutolewa mifupa, yakawa vipande viwili. Vyote sita hupondwa polepole kwa mchi mpaka vilingane unene, maana kipande chenye unene wa namna mbili huungua upande mmoja na kubaki kibichi upande wa pili. Nyama ikiwa ngumu hupakwa kidogo maji ya papai bichi kwa muda wa nusu saa. Ikizidi hapo huwa kama uji. Kisha hutiwa chumvi na pilipili manga.

Mkate wa juzi ni bora kuliko mkate wa leo. Huanikwa mpaka ukauke, hukwaruzwa, na chenga zake huachwa ziwe kubwa, kwa kuwa chenga kubwa hushika hewa na kufanya ganda jepesi. Sahani tatu hupangwa: ya kwanza ina unga wa ngano, ya pili mayai yaliyopigwa, ya tatu chenga. Utaratibu huu una sababu. Unga hukausha maji ya nyama ili yai lipate kushika. Yai hushikilia chenga. Chenga huikinga nyama isiguswe na ukali wa mafuta. Mtu akiruka daraja moja, vazi lote huvuka ndani ya karai. Mkono ulioshika nyama mbichi haugusi kachumbari wala sahani ya kulia mpaka umeoshwa kwa sabuni.

Mafuta ya alizeti yafaa sana. Mawese yatokayo upande wa Kigoma ni matamu kwa maharagwe, lakini rangi na harufu yake hufunika kila kitu. Pasipo kipimo cha joto, chenga moja ya mkate hutosha kuwa mjumbe: ikizama na kukaa chini, mafuta bado; ikiibuka juu mara moja na kugeuka nyeusi, moto umezidi; ikizama kidogo kisha ikaibuka ikichemka taratibu, ndio wakati. Jiko la mkaa halina kitasa cha kupunguza moto, basi mpishi huondoa makaa kwa koleo, na vipande hukaangwa viwili viwili ili mafuta yasipoe. Dakika tatu kila upande hutosha kwa kipande chembamba, na umajimaji utokao katikati unapokuwa mweupe, bila wekundu, nyama imeiva.

Mifupa haitupwi. Mgongo, shingo, mbawa na mifupa ya mapaja huchemshwa tangu mapema, ndiyo iliyo roho ya mchuzi. Vitunguu hukatwa vyembamba na kukaangwa kwa subira mpaka viwe vya kahawia; hutiwa tangawizi, kitunguu saumu na karoti. Bizari yenyewe ni manjano, giligilani, bizari nyembamba, uwatu, iliki na karafuu moja au mbili, zilizokaushwa motoni na kutwangwa. Tofauti kubwa ya mchuzi huu na mchuzi wa pwani ni uzito wake. Wa pwani hupata uzito kwa tui au nyanya. Wa Kijapani hupata kwa unga wa ngano uliokaangwa ndani ya mafuta mpaka ukanukia kama karanga. Supu humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Mwisho Wajapani hupenda kutia utamu wa tufaha au asali. Na mahali pa asali hapana mpishi wa Katavi awezaye kuwaonea wivu, kwa kuwa misitu ya miombo ya Mlele hutoa asali njema. Wali wa Kijapani hushikamana, wali wa mpunga wa Mpimbwe huachana na kunukia. Usilazimishwe kushikamana. Mgeni aketi juu ya mkeka uliopo.

Mpaka hapa habari ni ya ufundi. Habari iliyo nzito zaidi huanza wakati wa kugawa.

Katika nyumba nyingi kuku hana vipande tu, ana vyeo. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Paja ni la mgeni. Kidari huwaendea wakubwa, na watoto hupata shingo, mbawa na miguu, pamoja na mchuzi mwingi juu ya ugali. Mpango huu una adabu ndani yake: humfundisha mdogo kuwa yuko mtu mbele yake, na humwonyesha mgeni kuwa amepewa kilicho bora. Walakini una gharama ambayo haiandikwi mahali popote. Uchunguzi wa afya ya wananchi wa 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wa Rukwa, jirani wa Katavi, zaidi ya nusu ya watoto wasiotimiza miaka 5 walikuwa wamedumaa, na mkoa ule ni ghala la mahindi. Ghala lilijaa, na mtoto alikula akashiba, ila mwili wake ulikosa kitu ambacho shibe haileti.

Ni ajabu ya kuwa mchuzi huu una kisa cha namna hiyo hiyo katika historia yake. Mabaharia wa Kijapani wa karne ya 19 walikula wali mweupe kwa wingi, wakafa kwa ugonjwa wa beriberi. Katika safari ya meli Ryujo iliyorudi mwaka 1883, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua na 25 wakafa. Daktari Takaki Kanehiro aliomba meli Tsukuba ipite njia ile ile mwaka 1884, mabaharia wakipewa nyama, maharagwe na shayiri zaidi. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Takaki alidhani kasoro ilikuwa uhaba wa protini. Sayansi ya baadaye ilionyesha ya kuwa kilichokosekana ni vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na pumba mchele unapokobolewa. Dawa yake ilikuwa sahihi kabla ya sababu yake. Jeshi la majini likaona mchuzi wa bizari kuwa njia nyepesi ya kuwalisha mabaharia nyama, mboga na unga wa ngano pamoja na wali wao, na mwaka 1908 upishi wake uliandikwa katika kitabu cha wapishi wa jeshi hilo. Mtu anayechagua baina ya dona na sembe anasimama mbele ya swali lile lile la Takaki.

Vipande sita vya kuku wa kukaanga, kila kimoja kikikatwa mara nne, huwa ishirini na vinne. Nyumba yenye watu wanane hupata vitatu kila mtu, na hakuna kipande kinachojulikana kuwa kilikuwa paja au kidari. Cheo kimepondwa kwa mchi na kufunikwa kwa chenga. Mtoto wa mwisho hupata mnofu sawa na baba yake, si kwa kuonewa huruma, bali kwa hesabu.

Mzee ana haki ya kuuliza iko wapi firigisi yake. Swali lake si la ulafi. Anauliza kama bado anatambuliwa. Jibu jema si kumcheka. Firigisi haivikwi chenga, basi yaweza kuchemshwa na mifupa na kuwekwa katika sahani yake kama kawaida, na heshima yake ikabaki bila kupunguza haki ya mtoto. Wala haifai kusema ya kuwa kila siku iwe ya karai. Mafuta ni ghali, mayai yangeweza kuanguliwa, na mdondo ukipita kijijini waweza kumaliza banda zima kwa juma moja; kuku wa mtu maskini ni akiba yake ya ada na ya dawa. Chakula hiki ni cha siku moja moja. Lakini kugawa kwa hesabu hakuhitaji mafuta. Kwawezekana kwa samaki, kwa maharagwe, kwa yai moja lililochemshwa na kukatwa.

Mgeni ni siku mbili. Ya tatu hupewa jembe. Kuku huyu wa mbali amekwisha kukaribishwa na kusifiwa. Jembe lake liwe hilo: kuifundisha nyumba kuhesabu vinywa kabla ya kuhesabu vyeo.