Hadithi na Kiinimacho

Jicho ni mlango mpana, na sikio ni mlango mwembamba. Lakini mgeni aingiaye kwa mlango mwembamba hukaa siku nyingi zaidi nyumbani. Watengenezao filamu wanaujua ukweli huu, na mara kwa mara huusahau, kwa sababu jicho hutoa kiingilio upesi kuliko sikio. Hii ndiyo asili ya ubishi wa miaka mingi baina ya wapendao hadithi na wapendao viinimacho, yaani zile hila za mitambo na kompyuta zifanyazo kisichokuwapo kionekane kipo.

Mwaka 1974 Steven Spielberg, kijana wa miaka 27, alikwenda katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, kutengeneza filamu ya Jaws, habari za papa aulaye watu pwani. Alitengenezewa papa watatu wa mitambo. Walipotiwa baharini, papa hao waliharibika mara kwa mara, kwani chumvi haina heshima kwa chuma. Kazi iliyopangiwa siku 55 ilichukua siku 159, na gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 4 ilifika kama dola milioni 9.

Mwongozaji aliyenyimwa kiinimacho hakuwa na budi kuitegemea hadithi. Kwa kuwa papa hakuonyeshika, zilionyeshwa dalili zake: miguu ya waogeleaji ikitazamwa kutoka chini, kipande cha gati kilichong'olewa kikiburutwa majini, mapipa ya manjano yakizama na kuibuka. John Williams alitunga muziki ambao kiini chake ni sauti mbili tu, zikirudiwa polepole kisha kwa haraka. Zaidi ya saa moja hupita kabla mtazamaji hajamwona mnyama huyo waziwazi, na katika muda huo kila mmoja amekwisha kujiundia papa wake moyoni, mkubwa kuliko yeyote awezaye kuundwa kwa chuma.

Tena, kitisho kikubwa cha filamu hiyo hakina papa hata mmoja. Wanaume watatu wameketi usiku katika chumba cha mashua, na mmoja wao anasimulia habari za Indianapolis, manowari ya Marekani iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 30 Julai 1945. Katika watu wapatao 1,200 waliokuwamo, 316 waliokolewa. Mtazamaji haonyeshwi manowari wala damu. Huonyeshwa uso wa msimulizi na nyuso za wasikilizaji. Sanaa hiyo ni ya kale kuliko umeme: mmoja anasema, wengine wananyamaza.

Filamu ilitolewa tarehe 20 Juni 1975 katika majumba zaidi ya 400 kwa mara moja, na mapato yake yakapita ya filamu zote zilizoitangulia, mpaka Star Wars ya mwaka 1977 ilipoyashinda. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jaws ilikuwa nzuri ikajiuza, na juu ya hayo ikatembezwa, kwa matangazo ya televisheni yaliyogharimu kiasi cha dola 700,000. Wafanya biashara walijifunza nusu ya pili ya somo, wakaiacha nusu ya kwanza. Katika filamu ya nne ya papa huyo, ya mwaka 1987, mnyama hakufichwa tena. Alionekana sana, hata akanguruma kama simba. Mapato yake hayakuikaribia ile ya kwanza.

Mtetezi wa viinimacho atajibu kwa kuitaja Avatar ya James Cameron, iliyotolewa mwaka 2009 na kupata zaidi ya dola bilioni 2.9 ulimwenguni. Hoja hiyo ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Kustaajabu ni haja ya mwanadamu kama kula, na anayemstaajabisha amestahili ujira. Lakini hesabu ya mlangoni huwahesabu walioingia. Haihesabu walichotoka nacho. Aliyetoka na mshangao na aliyetoka na fikra wamelipa kiingilio kimoja.

Tena, iwapo fedha ndiyo haki ya kiinimacho, ingalipasa iwafikie wakifanyao. Katika Life of Pi, filamu ya Ang Lee ya mwaka 2012, kijana amesalia katika mashua pamoja na chui milia, na kwa sehemu kubwa chui huyo ni kazi ya kompyuta. Hapo hadithi na kiinimacho havikugombana. Bila chui hapana hadithi, na bila hadithi chui ni manyoya matupu. Filamu ilipata zaidi ya dola milioni 600. Hata hivyo, mwezi Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues, iliyomwumba chui huyo, iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na wafanya kazi wake wengi wakapoteza kazi.

Tarehe 24 mwezi huohuo mafundi wake walipewa tuzo ya Oscar, na nje ya ukumbi wenzao mamia wakiandamana. Mmoja wa washindi alipoanza kutaja taabu ya kampuni hiyo, muziki ulipandishwa ili kumkatiza, na muziki wenyewe ulikuwa wa Jaws. Sauti zilezile zilizompa uhai papa aliyekataa kuogelea ziliwanyamazisha waliompa uhai chui asiyekuwapo. Siku ile fedha ya mlangoni haikuwa shahidi wa hadithi, wala haikuwa mlinzi wa kiinimacho.